Lipindue Gwanda Kwanza: Namna ya Kuhifadhi Kazi ya Fundi wa Maleba

Mama mdogo alishona maleba, yaani nguo za waigizaji wa jukwaani, zaidi ya miaka ishirini, Dar es Salaam na mara nyingine Bagamoyo, na jina lake halikuandikwa hata kwenye kijitabu kimoja cha maonyesho. Tulikuwa tumeshamaliza arobaini yake ndipo nikakumbuka kuulizia daftari lake la vipimo. Lilikuwa limeshawashia jiko. Hasira ile ndiyo iliyonitia kwenye kazi hii, na haya ni yale niliyojifunza, mengine kwa kukosea.

Anza na fundi aliye hai. Nguo inaweza kukaa sandukuni mwaka mwingine, fundi wa miaka sabini na nane usimhesabie hivyo. Ila usimwendee na karatasi ya maswali. Ukimwambia mama wa watu "tueleze historia yako", atakutajia alikozaliwa na alikosoma, kisha atanyamaza akutazame. Mpelekee nguo. Fundi mmoja wa Magomeni nilimpelekea gwanda la askari wa Kijerumani, la igizo la Vita vya Majimaji. Tulipokwisha kuamkiana na chai imeletwa, nikamwekea mapajani bila kusema kitu. Akalipindua palepale, ndani ikawa nje, akapitisha kidole kwenye mshono wa bega.

"Mwili nimeshona mimi," akasema. "Mikono si yangu. Mimi nikikata uzi siachi mkia."

Tulidhani tunamtafuta fundi mmoja, kumbe walikuwa wawili. Yule wa pili tulikuja kumpata Temeke.

Kurekodi, simu inatosha. Iweke hali ya ndegeni isije ikaita, zima feni, na kama jirani anashona, muombe apumzishe cherehani nusu saa. Akisita mlipe, maana nusu saa ya fundi ni hela. Mwanzoni taja mwenyewe tarehe, mahali, jina la fundi kama anavyotaka liandikwe, na kwamba amekubali. Ridhaa ya maandishi nayo ichukue: nani asikilize, picha ziende wapi. Halafu uliza maswali ya mikono. Ulianza kukata wapi? Hapa mbona umepiga bandi tu, ule mshono wa kushikiza? Kitambaa mlinunua duka gani, mita ngapi? Na maneno yake yaandike yalivyomtoka. Kwenye kanzu, fundi wa pwani atakutajia badani, taharizi na kikwapa. Ukiandika "kipande cha mbele" na "kipande cha pembeni", nusu ya elimu yake umeiacha kibarazani.

Nguo yenyewe itandaze mezani juu ya shuka jeupe, karibu na dirisha lakini jua lisiipige. Piga picha mbele na nyuma, kisha ipindue upige ndani, kisha sogea kabisa: kola, kwapa, pindo, kila kiraka, na tepu ya fundi ilale kando ili ukubwa ujulikane. Lile gwanda mbele lilikuwa na vifungo sita vya rangi ya shaba, na vyote vya uongo, havifungi wala kufungua chochote. Chini yake zilijificha jozi nne za vifungo vya kubonyeza, kwa sababu mwigizaji mmoja alikuwa anatoka jukwaani mwanakijiji na kurudi askari kabla ngoma haijakatika. Pembeni fundi ameachia inchi mbili kila upande, na kwenye ile nafasi kuna mistari mitatu ya vitundu vya sindano: gwanda lilitanuliwa na kubanwa kadiri waigizaji walivyobadilika. Mtazamaji hakutakiwa kuyaona haya, kwa hiyo hayupo atakayeyakumbuka usipoyaandika wewe. Hesabu vitundu.

Usiifue. Najua mkono unawasha, lakini jasho, poda ya usoni na udongo mwekundu wa pindoni ni sehemu ya maelezo, na kitambaa kilichochoka hufia kwenye beseni. Vumbi liondoe kwa brashi laini, basi.

Karatasi za kukatia ndizo zinazopotea upesi, maana kwa mtu mwingine ni takataka. Mafundi wetu wengi walikatia gazeti kuukuu au karatasi ya mfuko wa saruji. Likiwa gazeti una bahati: geuza utafute tarehe. Kipande cha mgongo kilichokatwa kwenye Uhuru la mwaka 1984 hakikukatwa kabla ya hapo, ingawa kinaweza kuwa kimekatwa miaka kadhaa baadaye. Palipochanika usibandike seloutepu, hugeuka njano na kuacha gundi. Nyoosha kwa mkono, piga picha, andika namba kwa penseli, laza kati ya makaratasi magumu mawili. Daftari la vipimo nalo lipige ukurasa kwa ukurasa, hata zile zenye madeni ya watu.

Kutunza nguo kwetu pwani ni kupigana na unyevu. Izungushie merikani, kile kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, iliyofuliwa mpaka wanga ukatoka, usiifunge kwenye plastiki ikakae humo miaka, na nzito usiitundike, mabega yatalegea. Sanduku liinuke kutoka sakafuni na lisiguse ukuta. Masika yakiisha, lifungue. Karafuu zinanukia vizuri, lakini zisilale juu ya kitambaa, mafuta yake hutia doa.

Ukiona wadudu, hapo plastiki inaruhusiwa: funga nguo isipitishe hewa, itie kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili, halafu itoe na uiache kwenye mfuko wake siku nzima kabla ya kufungua. Mimi niliwahi kufungua mapema gauni la hariri la mwimbaji wa taarabu. Umande ukalishukia, na lile doa lipo mpaka leo. Yenye ngozi, shanga au rangi ya kupakwa yasiende kwenye friza.

Tuje kwenye jina. Kwenye filamu zetu nyingi neno "Maleba" likipita mwishoni, linafuatwa na mbunifu, au na duka lililoazima nguo. Si kwetu tu. Tuzo ya Oscar ya maleba ilianza kutolewa mwaka 1949, na mwenye kuipokea ni mbunifu. Ruth E. Carter, mbunifu wa maleba ya filamu ya Black Panther, alipoichukua mwaka 2019, mwanamke Mweusi wa kwanza kuipata, nilishangilia peke yangu sebuleni, kisha nikajiuliza nani walikata vile vitambaa. Kwa hiyo mfuate mwongozaji kabla filamu haijafungwa, umdai mistari minne: mbunifu, mkataji, mshonaji, mtunza maleba. Atakwambia nafasi hakuna. Mwoneshe mistari aliyowapa wadhamini.

Nguo ya zamani ishonee lebo: utepe wa pamba ulioandikwa jina la fundi, igizo, mhusika na mwaka, ushikwe kwa mishono michache kwenye akiba ya ndani tu, kile kitambaa cha ziada cha mshono, usitoboe uso wa kitambaa. Nakala za sauti na picha ziwe mahali patatu pasipo chini ya paa moja, na moja iwe ya familia ya fundi.

Lebo ya lile gwanda niliishona mwenyewe, nikampelekea mama wa Magomeni aione. Akavaa miwani, akalisoma jina lake taratibu, kisha akachukua wembe akafumua mishono yangu yote.

"Mshono gani huu, mwanangu?" akasema, akaomba sindano.