Matope kwenye uwanja wa bata: anzia kwenye beseni la maji

Mwezi wa nne, masika ikiwa imekolea, uani kwa mfugaji wa bata harufu hukupokea kabla hujabisha hodi. Wengi hulaumu mvua. Mimi nikifika kwenye banda la namna hiyo, kitu cha kwanza kutazama ni beseni la maji limewekwa wapi.

Bata hanywi kama kuku. Huzamisha kichwa chote, hujirushia maji mgongoni, kisha huchovya mdomo kwenye udongo uliolowa na kuuchokonoa akitafuta minyoo, halafu hurudi kwenye beseni na mdomo uliojaa tope. Muda si mrefu maji yamegeuka rangi ya chai ya maziwa na pembeni pametokea kishimo. Ukikiacha, kishimo kitakuwa dimbwi. Kinyesi cha bata nacho kina majimaji mengi, ndiyo maana hata kiangazi bata kumi kwenye ua mdogo hujitengenezea tope lao.

Usiwanyime maji kwa kuogopa tope. Bata anahitaji maji ya kina cha kuzamisha kichwa ili asafishe pua na macho. Bwawa la kuogelea si lazima.

Dawa ni kuandaa mahali pa maji. Chimba shimo la mita moja kwa mita moja, kina cha sentimita 30 hivi, upande wa chini wa ua. Jaza kokoto kubwa, juu yake ndogo, kisha funika kwa wavu mgumu au vibao vilivyoachana kidogo, mdomo usifike kwenye udongo. Toa mfereji kutoka shimoni hadi kwenye migomba, migomba itakushukuru. Badala ya beseni la wazi, chukua dumu la lita 20 lililosafishwa vizuri, likate matundu ubavuni ya kutosha kichwa kuingia, ulainishe kingo zisimkate. Hapo bata atazamisha kichwa lakini hatapanda ndani kuoga na kumwaga yote.

Kisha tazama paa. Mvua ya milimita 50 kwenye bati la mita 20 za mraba ni lita 1,000 za maji. Kama zinadondokea ndani ya ua, hakuna maranda yatakayokuokoa. Weka gata, na upande wa juu wa ua chimba mtaro wa kukinga maji yanayoteremka.

Baada ya hapo ndipo utandaze. Na hapa wengi hupoteza fedha: hununua magunia ya maranda wakayamwaga juu ya uji. Siku ya tatu uji umekuwa mzito zaidi na unanuka zaidi. Kwangua kwanza tope lote kwa koleo mpaka ufikie udongo mgumu, ndipo umwage mchanga wa chenga kubwa, sentimita kumi au zaidi. Mchanga hupitisha maji, na ukikauka unasafishwa kwa reki. Kokoto zenye ncha zisiachwe juu. Huchana nyayo, uchafu ukaingia, na baada ya siku chache bata anachechemea akiwa na uvimbe wenye gamba jeusi chini ya mguu. Ukiuona, mhamishie pakavu na umwite afisa mifugo mapema.

Kwa walio Pwani kuna kitu cha bure. Nilimkuta mama mmoja Muheza amepanga makumbi ya nazi njia nzima kutoka banda hadi kwenye maji, migongo juu, yamebanana. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, lakini bata wake walipita juu yake miguu ikiwa ya njano safi. Yakioza huyatupia shambani na kupanga mengine.

Ndani ya banda weka maranda makavu au maganda ya mpunga, uongeze kila yanapolowa. Yenye ukungu usiyaingize kabisa. Vumbi lake hushambulia mapafu, hasa ya vifaranga. Chokaa ya kujengea isimwagwe uani, inaunguza miguu na macho. Bata wengi hutaga alfajiri, kwa hiyo ukiwafungulia saa 3 asubuhi mayai hubaki kwenye maranda, hayaangukii topeni.

Ukiwa na nafasi, gawa ua mara mbili na uoteshe ukoka. Bata wakae upande mmoja huku mwingine ukipumzika wiki nne hadi sita. Usisubiri majani yaishe ndipo uwahamishe, maana mizizi ikishachokonolewa huanzi tena mpaka mvua nyingine.

Dimbwi lililobaki lenye chakula kilichooza lifukie leo, hasa jua likiwa kali. Humo huzaliwa sumu inayolegeza shingo ya bata, na anaweza kufa kabla hujapata msaada. Tope ulilokwangua lichanganye na majani makavu, ulirundike mbali na banda miezi miwili au mitatu, kisha lipeleke kwenye mchicha.