Kukarabati jiko huku mkopo bado unakatwa kwenye mshahara

Wateja wengi wanaoniita hapa Jinja, Uganda, kuanzia Walukuba mpaka Mpumudde, hawana pesa ya kutengeneza jiko lote kwa mkupuo. Wana mkopo wa mshahara unaokatwa kila mwezi, wana deni la SACCO, na mara nyingi kuna kijideni cha simu wasichokitaja mpaka tofali zimeshashushwa. Kazi inawezekana hata hivyo, ila mpangilio wake unakuwa mwingine. Unaikata vipande, na kila kipande kinaishia mahali ambapo chakula cha jioni kinaweza kupikwa, hata kama kipande kinachofuata kitakuja mwakani. Jiko lililobomolewa likabaki linasubiri pesa ndilo linalowarudisha watu kwa mkopeshaji.

Hatua ya 1: Andika madeni kabla ya kupima ukuta

Chukua karatasi uandike unadaiwa na nani, kimebaki kiasi gani, riba ni asilimia ngapi kwa mwezi, na deni linaisha lini. Angalia safu ya riba kwanza. Tuseme una shilingi 1,000,000 za mkopeshaji wa mtaani anayetoza asilimia 10 kwa mwezi. Hizo ni 100,000 kila mwezi kabla hujapunguza hata shilingi moja ya deni lenyewe. Kwa mwaka ni 1,200,000, na bado milioni yake iko pale pale. Deni la namna hiyo lilipwe kwanza, jiko lingoje. Ujue pia kwamba tangu Oktoba 2024 mkopeshaji binafsi haruhusiwi kutoza zaidi ya asilimia 2.8 kwa mwezi, na lazima awe na leseni ya UMRA, mamlaka inayosimamia wakopeshaji wadogo Uganda. Anayepita hapo muulize leseni, kwa upole, ukiwa umeshika karatasi ya makubaliano yenu.

Mkopo wa mshahara wenye riba ya kawaida uache uendelee kukatwa. Hatari yake ni ile simu ya ofisa wa mkopo ukiwa umebakiza mwaka mmoja: "Mwalimu, tunaweza kukuongezea milioni tatu na makato yasibadilike." Makato hayabadiliki kwa sababu miaka ndiyo inayoongezwa. Utakuwa unalipia kabati ambalo bawaba zake zimeshang'oka.

Hatua ya 2: Tafuta kiasi cha mwezi

Toa makato, chakula, kodi ya nyumba au malipo ya kiwanja, usafiri, na akiba kidogo ya ugonjwa. Kama una deni kama lile la mkopeshaji wa mtaani, kinachobaki chote kiende huko kwanza. Likishaisha, gawa mara mbili: nusu iongeze malipo ya deni linalofuata kwa riba kubwa, nusu iwe ya jiko. Hilo nalo likiisha, pesa yote inahamia jikoni. Februari, Mei na Septemba usipange kununua kitu, maana ada za shule zitameza kila kilichopo. Akina mama walio kwenye nigiina, yaani kikundi cha kuchangiana pesa kwa zamu, waombe zamu yao iangukie mwezi wa kununua vigae. Kikundi hakikatai kubadilishana zamu kikiambiwa mapema.

Pesa ya jiko isikae kwenye laini ya simu unayotumia kila siku. Itaondoka na boda.

Hatua ya 3: Maji, maji machafu na umeme kwanza

Kila mtu anataka kuanza na kabati kwa sababu ndilo linaloonekana na wageni. Mimi naanza na kilicho ndani ya ukuta, kwani ukikirudia baadaye unavunja vigae vyako mwenyewe. Bomba la maji machafu la sinki lipewe mteremko wa sentimita 2.5 kwa kila mita, na chini ya sinki liwe na kona inayobaki na maji ili harufu na mende wasipande.

Umeme uwekwe na fundi mwenye kibali cha ERA, mamlaka ya umeme ya Uganda. Soketi zipate waya wa milimita za mraba 2.5. Kama unafikiria siku moja kupikia umeme, pitisha bomba tupu la waya sasa hivi hadi mahali pa jiko la umeme. Waya wenyewe wa milimita za mraba 6 utanunua deni likiisha. Bomba hilo tupu ni bei ya soda chache. Watu wanaliruka, halafu baadaye wanamlipa fundi kuchimba ukuta na mwingine kuuziba.

Na sigiri, lile jiko la makaa? Usijidanganye kwamba utaiacha. Matoke ya kufukiza na maharage yataendelea kupikwa kwa makaa, kwa hiyo panga mahali pake kwenye baraza la nyuma, karibu na mlango, penye paa na hewa ya kutosha. Mahali hapo pakipangwa vizuri, jiko la ndani linaweza kuwa dogo zaidi, na gharama inapungua.

Hapa niseme jambo kuhusu sisi mafundi. Usitukabidhi sisi pesa ya vifaa. Nenda dukani mwenyewe au tuma mtu wako, uchukue risiti. Malipo ya kazi yafuate kipande kilichoisha, si siku zilizopita, na makubaliano yaandikwe hata kwa ujumbe wa simu. Kwa kazi kubwa, mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji au mtaa, ashuhudie. Fundi anayechukia hayo ana kazi tatu kwa wakati mmoja, na pesa yako inamalizia ya jirani.

Hatua ya 4: Meza ya zege

Hiki ndicho kipande ninachokipenda kuliko vyote, kwa sababu ni rahisi, hakiozi, na kinaweza kutumika miaka bila kuguswa tena. Chukua meza ya urefu wa mita 3, upana wa sentimita 60, unene wa sentimita 7.5. Zege lake halifiki hata sehemu ya saba ya mita ya ujazo. Kwa mchanganyiko wa saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, mfuko mmoja wa kilo 50 unatosha. Mfuko mmoja! Ndiyo maana nawaambia watu wasikope kwa ajili ya meza.

Jenga vijiguzo vya tofali kila baada ya sentimita 75 hadi 90, upime ili juu ya meza ifike sentimita 85 hadi 90 kutoka sakafuni. Mpishi asimame hapo, anyooshe mikono kama anayekanda unga; akiinama, ongeza tofali. Funga mbao za kumwagia zege juu ya vijiguzo. Nondo za milimita 8 zipangwe kwa umbali wa sentimita 15 hadi 20, zilale upande wa chini lakini ziinuliwe kwa vipande vya zege ili zisiguse mbao.

Sinki iwe imeshanunuliwa na iko pale siku ya kumwaga. Vipimo vya "sinki ya kawaida" alivyokutajia muuzaji kwa simu havitoshi. Geuza sinki yenyewe juu ya mbao, chora mzunguko wake, ingia ndani ya mstari huo kiasi cha sentimita moja na nusu ili ukingo upate pa kukaa, kisha utengeneze boksi la tundu. Hivyo hivyo kwa tundu la bomba.

Zege likishaanza kushika, lifunike magunia na ulimwagie maji asubuhi na jioni kwa siku saba. Mbao za chini ziache wiki mbili. Halafu paka niru, yaani saruji tupu iliyosuguliwa hadi ing'ae. Hapo meza imekamilika. Terazo au graniti inaweza kuja juu yake miaka miwili baadaye, au isije kabisa.

Hatua ya 5: Vigae vichache, mahali panapohitaji

Ukuta wote wa vigae hauna kazi. Weka mstari mmoja juu ya meza. Kigae cha sentimita 30 kwa 60 kikisimama wima, mita 3 zinachukua vigae 10. Ongeza viwili vya kuvunjika na kukata. Boksi moja la vigae hivyo kwa kawaida lina 8, kwa hiyo unanunua mawili na yanayobaki yanaenda nyuma ya sigiri. Nunua yote siku moja, na namba ya rangi iliyoandikwa kwenye boksi ifanane, maana rangi moja ya leo na ya mwezi ujao huonekana tofauti ukutani.

Saruji usiihifadhi kwa kusubiri pesa nyingine. Inaganda, hasa msimu wa mvua wa Machi hadi Mei, na mfuko uliolala sakafuni ndio unaotangulia. Nunua ya kazi ya wiki hiyo tu.

Hatua ya 6: Mbao mapema, milango mwisho

Mbao ni kinyume cha saruji. Zinazouzwa Ndeeba, kule Kampala, na kwingine mara nyingi bado ni mbichi, na mlango wa mbao mbichi unajikunja. Kwa hiyo nunua kidogo kidogo kila mwezi, zipange kivulini ukiweka vijiti katikati ili hewa ipite, na ziache zikauke miezi miwili au zaidi. Anayelipa deni taratibu anapata mbao kavu kuliko mwenye pesa ya haraka.

Wakati huo tundika pazia la kitenge chini ya meza. Masufuria yanajificha vizuri. Mkopo ukiisha, makato yaliyokuwa yakienda benki mwezi hadi mwezi ndiyo bei ya milango. Agiza miwili miwili, ukianza na ile ya chini ya sinki, na pima kila nafasi peke yake baada ya niru na vigae, kwa sababu vijiguzo vya tofali havilingani hata vikijengwa na fundi mmoja siku moja.