"Tathmini" moja, Kiingereza maneno mengi: ninavyochagua

Kazi yangu hapa Mwanga, Kigoma, ni kuchapa na kutafsiri: barua za mkopo, maombi ya kazi, ripoti za vikundi. Neno linalonisumbua kuliko yote ni "tathmini". Mwaka wangu wa kwanza nilimwandikia mzee mmoja wa Ujiji barua ya kuomba nyumba yake ifanyiwe "evaluation" ili aiweke dhamana. Kesho yake akarudi na ile barua mkononi. "Mwanangu, wameniuliza evaluation ya nini? Kwani nyumba yangu ni semina?"

Tangu siku hiyo nafuata hatua hizi.

Hatua ya 1: Weka kamusi pembeni, uliza jibu litakuwa na sura gani

Muulize mteja: kazi hiyo ikiisha, utapewa nini? Shilingi? Idadi ya kukisia? Daraja? Maelezo ya hali ya kitu? Au hukumu kwamba jambo lilifaa au halikufaa? Kiswahili chetu kinayabeba yote hayo kwa neno moja. Kiingereza hakikubali.

Hatua ya 2: Mfuate mama wa dagaa

Hii ndiyo njia niliyojifundishia mwenyewe. Nenda mwalo wa Kibirizi asubuhi, umtazame mnunuzi mmoja tu. Anachota konzi ya dagaa, anaisugua viganjani asikie kama ina mchanga. Anavunja mmoja ajue kama amekauka mpaka ndani. Ananusa. Hapo anafanya "assess": anachunguza hali.

Anarudi nyuma hatua mbili, anaangalia rundo: "Haya hayapiti magunia manane." Hiyo ni "estimate". Hajahesabu, amekisia kwa jicho la mzoefu.

Wale wa chanja anawaweka huku, walioanikwa mchangani kule. Hiyo ni "grade". Kisha anataja bei ya gunia, na hapo ndipo "price" inapoingia.

Wiki mbili baadaye, mzigo umeshauzwa Dar, anakaa na daftari lake: nauli, ushuru, magunia yaliyolowa njiani. Je, safari ililipa? Hiyo sasa ndiyo "evaluate". Angalia ilipokaa: mwishoni, kitu kimeshafanyika. Si lazima iwe hivyo kila mara, lakini ukikumbuka daftari la mama huyu utakosea mara chache. Ndiyo maana ripoti za miradi zina "monitoring and evaluation", yaani ufuatiliaji na tathmini.

Hatua ya 3: Jibu likiwa shilingi, andika "value"

Nyumba, kiwanja, shamba la michikichi: kwetu hiyo ni "valuation", anayeifanya ni "valuer", na sheria ya mwaka 2016 ya uthamini na usajili wa wathamini inatumia maneno hayo hayo. Mmarekani kwa nyumba hiyo hiyo atasema "appraisal". Si kosa, ila hapa Tanzania neno hilo litamkumbusha mtumishi wa umma zile fomu za OPRAS zilizokuwa zikitumika kupima utendaji wake. Mimi "appraisal" nawaachia watumishi. Na usiichanganye "appraise" na "apprise", ambayo maana yake ni kumjulisha mtu jambo.

Hatua ya 4: Chunguza "makadirio" kabla hujayatafsiri

Hapa wengi huanguka. Makadirio ya mapato na matumizi bungeni ni "estimates", sawa. Lakini mfanyabiashara akikwambia "nimekadiriwa kodi kubwa", usiandike "estimated". Andika "assessed", kwa sababu kiwango kimeshapangwa na anadaiwa.

Asili ya neno inasaidia. "Assess" inatokana na Kilatini cha kukaa kando ya mtu, yaani msaidizi anayeketi pembeni ya hakimu. Ndiyo sababu wazee wa baraza mahakamani kwetu kwa Kiingereza huitwa "assessors". Nilipolijua hilo sikulisahau tena.

Jambo dogo la matamshi: "estimate" ikiwa kitendo, mwisho wake husikika "meiti", ikiwa nomino, husikika "miti".

Hatua ya 5: "Rate"

Nyota za hoteli, alama moja hadi kumi. Basi.

Hatua ya 6: Jaribu mwenyewe

Afisa alikuja kutathmini uharibifu baada ya moto: "assess". Tutathmini mafunzo ya wafuga nyuki: "evaluate". Benki inataka shamba litathminiwe: "value". Fundi atathmini saruji itakayotumika: "estimate", na kwa Kiswahili ningemrekebisha pia, aseme "akadirie".

Hatua ya 7: Chunga "invaluable"

Kwa sura yake ungedhani ni kitu kisicho na thamani. Maana yake ni kinyume: thamani yake haipimiki. Kisicho na thamani ni "worthless". Katibu wa kikundi kimoja cha mawese alinikazia macho nilipowashukuru wafadhili wao kwa "invaluable support". Nikaeleza, nikafungua hata kamusi. "Dada, mimi nakuelewa," akasema, "lakini mwenyekiti wangu hatakuelewa." Nikafuta, nikaandika "very valuable", akalipa, akaondoka.