Kuondoa mikwaruzo ya utando wa buibui kwenye rangi ya gari kwa polishi ya hatua moja

Mikwaruzo midogo inayofanana na utando wa buibui huonekana vizuri zaidi kwenye gari jeusi lililosimama juani. Ukiitazama boneti utaona mistari myembamba imeuzunguka mwanga wa jua, na ukisogea hatua moja pembeni duara hilo nalo linahama. Mistari yenyewe haikuchorwa kwa mviringo. Imeelekea kila upande, ila mwanga hung'arisha ile tu iliyoukingama, na jicho huiona kama duara. Jambo hili lina uzito katika kazi iliyo mbele yetu, kwa kuwa mkwaruzo usiouona kutoka mahali uliposimama bado upo, na kwa hiyo ukaguzi wote unapaswa kufanywa kwa tochi inayosogezwa huku na huku, wala si kwa taa moja iliyotulia darini.

Chanzo cha mikwaruzo hii mara nyingi ni uoshaji na ukaushaji: kitambaa chenye mchanga kinachoburutwa juu ya rangi, vumbi linalopanguswa kavukavu, au brashi za mashine za kuoshea magari zinazobeba uchafu wa gari lililotangulia. Magari mengi ya siku hizi yamepakwa juu ya rangi tabaka la klia, yaani vanishi angavu isiyo na rangi, ambalo unene wake kwa kawaida ni takriban mikroni 40 hadi 60 tu, na mikroni 1 ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Mkwaruzo wa utando wa buibui ni mfereji mdogo uliochimbwa ndani ya klia hiyo, na huisha pale tu sehemu inayouzunguka inapopunguzwa hadi kulingana na sakafu yake. Kila unapopiga polishi yenye chembe za kusugua unapunguza klia, na iliyoondoka hairudi. Kwa maoni yangu hilo ndilo linalopaswa kuongoza kila uamuzi katika kazi hii: ondoa kiasi kidogo kabisa kinachotosha kulirudishia gari mng'ao, na usiufukuze kila mstari hadi wa mwisho. Ukipitisha ukucha juu ya mkwaruzo na ukucha ukanasa, mkwaruzo huo ni wa kina kupita uwezo wa polishi hii, hivyo uache ulivyo.

Polishi ya hatua moja hukusanya kazi tatu katika chupa moja. Ina chembe laini za kusugua zinazosawazisha klia, ina viyeyushi vinavyoondoa madoa na mabaki ya nta ya zamani, na ina nta au polima inayobaki juu ya rangi kama kinga. Faida yake ni muda, kwani gari zima linaweza kumalizwa kwa mzunguko mmoja badala ya mizunguko miwili au mitatu. Udhaifu wake ni kwamba haisugui kwa nguvu kama polishi nzito iliyotengenezwa kwa kazi hiyo peke yake, na kinga yake haidumu kama ile inayopakwa peke yake juu ya klia iliyosafishwa kabisa. Kwa gari la matumizi ya kila siku, ambalo litaoshwa na kukwaruzika tena, naiona kuwa chaguo la busara kuliko mengine yote. Rangi isiyong'aa, ile iliyotengenezwa makusudi iwe na sura ya kufifia, isiguswe kwa polishi hata kidogo, kwa sababu itapata mabaka yanayong'aa ambayo hayaondoki. Gari lililopakwa rangi upya lisubiri hadi fundi aliyelipaka aseme kwamba rangi imekauka kikamilifu.

Maandalizi ndiyo yanayookoa klia. Osha gari kwa sabuni ya magari, kisha ondoa lami kwa kiyeyushi chake na chembe za chuma kwa dawa ya kuondoa chuma, ile inayogeuka zambarau inapokutana nazo. Baada ya hapo pitisha kiganja juu ya boneti ukiwa umekivika mfuko mwembamba wa plastiki. Mfuko huongeza hisia ya vidole, na vijipele usivyovihisi kwa mkono mtupu vitajitokeza mara moja. Vijipele hivyo huondolewa kwa udongo maalumu wa kusafishia rangi, unaoteleza juu ya maji mengi yenye sabuni bila kukandamizwa. Donge la udongo likianguka chini litupwe, kwa maana mchanga ukishaingia ndani yake hautoki. Kausha gari, liweke kivulini hadi bati lipoe, na funika kwa tepu ya karatasi plastiki nyeusi zisizopakwa rangi, mipira ya madirisha na kingo kali za bati, kwa kuwa polishi ikikaukia kwenye plastiki yenye vinyweleo huacha weupe unaosumbua kuutoa.

Kwa asiye na uzoefu, mashine ya kupigia polishi inayofaa ni ile ambayo sponji yake hujizungusha huku pia ikizunguka kwa kuyumba kutoka kwenye kitovu chake. Mwendo huo wa aina mbili hutawanya joto na hupunguza sana hatari ya kuichoma klia. Mashine inayozunguka upande mmoja tu husugua kwa kasi zaidi, lakini joto lake hujikusanya mahali pamoja, na mikononi mwa mgeni inaweza kuimaliza klia kwenye ukingo kwa muda mfupi sana. Sponji iwe laini au ya ugumu wa kati. Mkono mtupu nao unaweza kupaka polishi hii na kuleta mng'ao, ila utapunguza mikwaruzo kwa kiasi kidogo tu na kwa jasho jingi.

Kabla ya kuligusa gari zima, chagua eneo moja la majaribio kwenye boneti au mlango, lenye upana na urefu wa takriban sentimita 50. Fanya hapo kazi yote hadi mwisho kwa sponji laini kuliko zote unazofikiri zinaweza kufaa, pangusa, kisha kagua kwa tochi. Hapa pana jambo ambalo wengi hulipita. Baadhi ya polishi za hatua moja zina mafuta yanayojaza mikwaruzo na kuificha, kwa hiyo uso unaong'aa haujathibitisha kwamba klia imesawazika. Futa eneo hilo la majaribio, na hilo peke yake, kwa alkoholi ya isopropili iliyochanganywa na maji, kisha kagua tena. Ikiwa mikwaruzo imerudi mingi, ilikuwa imefichwa tu, na hapo unapaswa kubadilisha jambo moja kwa wakati mmoja: kwanza ongeza mizunguko, halafu kasi, halafu sponji ngumu zaidi. Ukishapata mchanganyiko unaokuridhisha, rudia polishi mahali hapo ili kinga irudi, na uutumie mchanganyiko huohuo kwa gari zima.

Sponji mpya ipakwe polishi nyembamba usoni pote mara ya kwanza, ili isizunguke ikiwa kavu. Kwa kila eneo linalofuata yatosha matone manne yenye ukubwa wa punje ya njegere. Bandika sponji kwenye rangi kabla ya kuwasha mashine, tandaza polishi kwa kasi ya chini, kisha panda hadi kasi ya 4 au 5 kwa mashine yenye namba 1 hadi 6. Ielekeze mashine mbele na nyuma kwa mistari inayopandana nusu kwa nusu, halafu kata mistari hiyo kwa mingine ya kulia na kushoto, ukisogea polepole, takriban sentimita 2 hadi 3 kwa sekunde. Kandamiza kidogo tu. Chora mstari wa kalamu ya wino juu ya kibao kinachoshika sponji: ukiona mstari huo umeacha kuzunguka, ama umekandamiza mno ama umeiinamisha mashine, na sponji isiyozunguka haisawazishi chochote.

Itazame polishi yenyewe, kwa sababu ndiyo itakayokueleza pa kusimama. Mwanzoni huwa kama maziwa. Baada ya mizunguko michache hunyooka ikawa utando mwembamba unaopitisha mwanga, wenye sura ya mafuta. Kwa polishi nyingi hapo ndipo pa kumalizia, kwa mzunguko mmoja wenye mkandamizo mwepesi kabisa. Ikianza kutoa vumbi jeupe au kushika, ama imekauka, ama bati lina joto, ama sponji imejaa. Safisha sponji kwa brashi laini baada ya kila eneo na uibadilishe mara kwa mara, maana klia iliyosagwa hujibana ndani yake na kuleta mikwaruzo mipya. Kwa gari zima ni vyema kuwa na sponji nne au zaidi.

Kwenye kingo na mikunjo ya bati, ambako klia huwa nyembamba, pita haraka na kwa mkandamizo mdogo. Bampa za plastiki hazisambazi joto kama bati, kwa hiyo ziguse kwa mkono kila mara, na zikiwa moto zipumzishe. Ukiona sponji inachukua rangi ya gari, simama kwanza: huenda gari hilo lina rangi ya tabaka moja isiyo na klia, jambo la kawaida kwa magari ya zamani, na hapo kuchafuka kwa sponji ni kawaida, lakini kama unajua kwamba gari lina klia, basi umeshaipita mahali hapo na kazi ya eneo hilo imekwisha.

Pangusa mabaki kwa kitambaa safi cha maikrofaiba chenye nyuzi ndefu, ukikigeuza mara kwa mara, na fuata maelezo ya chupa kuhusu kama polishi inafutwa ikiwa mbichi au baada ya kukauka. Usifute gari zima kwa alkoholi, kwani utaiondoa kinga uliyokwisha kuipaka. Ni vizuri pia gari lisioshwe kwa siku ya kwanza ili kinga ishike. Kuanzia hapo tumia ndoo mbili, moja ya sabuni na nyingine ya maji ya kusuuzia glovu ya kuoshea, anzia paani ukishuka chini, na ukaushe kwa kulaza kitambaa juu ya maji na kukiinua bila kusugua.