Kujaribu Kayaki na Padelibodi Majini Kabla ya Kununua

Kayaki inayokutuliza ndani ya dakika tano za kwanza mara nyingi ndiyo itakayokuchosha kuliko zote. Ni pana, haitikisiki, ukikalia tu unajiona salama. Ipeleke kilomita mbili ukikabili upepo, mabega yatakupa jibu jingine. Ndiyo maana kujaribu chombo si kukipanda na kuzunguka kidogo karibu na ufuko. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kununua chombo kimoja, kayaki (mtumbwi mwepesi wa kafi lenye bapa pande mbili) au padelibodi (ubao wa kusimamia ukipiga kafi), na amepata nafasi ya kukodi au kuazima vitatu au vinne avilinganishe. Mfano wetu ni mahori (mikono ya bahari iingiayo nchi kavu) ya Kilifi na Mida, pwani ya Kenya. Ukiwa Paje ya Unguja, Tanga au Mikindani kule Tanzania, utaratibu ni huu huu, ila maji uyajue.

Anza na maji, chombo baadaye

Chombo kilichojaribiwa maji yakikimbia hakilinganishwi na kilichojaribiwa maji yakiwa yametulia. Kwa hiyo chagua siku za maji mafu, siku moja au mbili baada ya mwezi kufika nusu. Siku za bamvua (mwezi mchanga na mwezi mpevu), tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3 pwani yetu, na mkondo ndani ya hori huwa mkali. Maji mafu yana faida ya pili ambayo wageni hawaijui: bamvua maji hukauka mnamo saa nne au saa tano asubuhi, lakini siku za maji mafu saa hizo hizo ndizo hujaa. Unapata maji mengi, mkondo hafifu na upepo wa asubuhi kwa pamoja.

Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Gawa tofauti ya siku hiyo kwa 12: saa ya kwanza baada ya kupwa hupanda sehemu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Tofauti ikiwa mita 3.6, saa ya tatu peke yake inabeba sentimita 90, na hapo ndipo mkondo unapokokota. Ingia majini saa moja na nusu kabla ya maji kujaa, toka nusu saa baada ya kujaa. Hizo ni saa mbili za maji karibu kusimama, zinatosha vyombo vinne kwa dakika 25 kila kimoja ukiwa na mtu wa kukusaidia kubadilisha.

Usichelewe kutoka. Mida mlango wake ni mwembamba na sehemu kubwa ya hori hukauka, kwa hiyo aliyezubaa hujikuta akikokota chombo cha kilo 28 kwenye tope linalomeza mguu hadi gotini. Kilifi ni kina kirefu, hukwami, lakini maji yakianza kutoka yanakuvuta kuelekea baharini, na njiani kuna mashua zilizotia nanga na kamba zake. Mida iko ndani ya hifadhi ya bahari ya Watamu, basi ulizia ada na ruhusa mapema.

Upepo nao uupime. Asubuhi umande huvuma taratibu kutoka bara, kisha jua likipanda upepo wa baharini huingia. Kwenye ufuko wa wazi, umande huo mwanana ndio unaomtoa mtu wa padelibodi nje ya mwamba bila kujua, maana mwili uliosimama ni tanga. Ukiona upepo unatoka nchi kavu na umeanza kuchora mistari juu ya maji, padelibodi ibaki ndani ya hori.

Kabla ya kulowa

Vaa jaketi okozi, tena lifunge vizuri: likivutwa mabegani lisipande kupita kidevu. Chukua filimbi, maji ya kunywa lita moja na nusu, viatu vya majini. Viatu si mapambo. Mizizi ya mikoko imejaa chaza, na kombe zake hukata kama wembe.

Kisha kila chombo kichunguze kikiwa mchangani. Kinyanyue mwenyewe. Kayaki ya kukaa juu ya mtu mmoja, yenye urefu wa mita 3 na upana wa sentimita 78 hivi, huwa na kilo 20 hadi 28. Ya watu wawili hupita 30. Kama huwezi kuifikisha kwenye keria ya gari bila jirani, hesabu hilo sasa. Itikise, usikilize: maji yakicheza ndani, kuna ufa au kizibo hakijakazwa. Igeuze, pitisha kiganja tumboni mwake. Plastiki iliyohifadhiwa juani bila kivuli huwa nyeupe kama iliyopakwa chaki, na sehemu iliyobonyea haisahihishiki kirahisi. Tumbo lililobonyea huvuta chombo upande, nawe utadhani kosa ni lako.

Keti humo. Nyayo zikae kwenye vikanyagio huku magoti yamekunjwa kidogo, yakigusa kingo. Miguu ikinyooka kabisa, huna pa kusukumia, na nguvu yote ya kafi inaishia kiunoni. Kiti kinachokusukuma mgongo juu ya mbavu kitakusumbua ndani ya saa moja hata kama sasa kinaonekana laini.

Kafi liwe moja kwa kayaki zote. Ukibadilisha kafi kila mara, unajaribu makafi. Kwa kayaki pana, urefu wa sentimita 230 hadi 240 unafaa. Nyembamba ya baharini, yenye upana wa sentimita 55 hadi 60, inataka 210 hadi 220. Ukiwa na kayaki za aina zote mbili, chukua 220, na ukubali kwamba kwenye ile pana vidole vitagonga ukingo mara moja moja.

Majaribio ya kayaki

Keti tu kwanza, kafi limelala mapajani. Tikisa kiuno kushoto na kulia, ukiongeza kidogo kidogo. Tumbo bapa hukataa kulala, kisha likifika mwisho wake linakumwaga mara moja bila onyo. Tumbo la mviringo hucheza tangu mwanzo, lakini linapolala linakaa pale, linakusubiri. Mtu mgeni huogopa la pili na kupenda la kwanza. Kama unataka kuvua samaki horini au kuwapandisha watoto, la kwanza ni sahihi. Kama nia yako ni safari kando ya mwamba, kwenye mawimbi ya ubavuni, chombo kinachokubali kulala ndicho salama zaidi. Kipe dakika kumi mwili uzoee kabla ya kukihukumu.

Pili, piga makafi kumi ya nguvu sawa, kisha acha. Tazama omo, yaani sehemu ya mbele. Kayaki fupi hugeuka karibu papo hapo, ndefu huteleza mita kadhaa ikiwa imenyooka. Baada ya hapo izungushe duara zima kwa makafi ya upande mmoja, ukihesabu. Fupi ya mita 3 itamaliza mapema, ya mita 5 itahitaji makafi mengi zaidi. Hapa hakuna aliye bora. Kwenye vichochoro vya mikoko utaililia ile fupi, kwenye maji ya wazi utaililia ile ndefu.

Jaribio la tatu ndilo tunaloliamini kuliko yote. Chagua alama mbili zilizo mbali kama mita 300, mathalani boya na mkoko uliojitenga, ziwe kwenye mstari wa upepo. Nenda ukikabili upepo, rudi nao, kwa nguvu ileile, ukipima kwa saa. Chombo kikizidiwa dakika moja kwa mita 300, kwa kilomita 3 umeachwa dakika kumi, na hizo dakika zote ni za mabega. Kila mara anza kwa kukabili upepo au mkondo, ili ukichoka urudi umesukumwa.

Kisha pita upepo ukiwa ubavuni. Kayaki nyingi zitageuza omo zenyewe kuelekea joshi, upande upepo unakotoka. Sababu ni kwamba ukisonga mbele omo inashikwa na maji, tezi (sehemu ya nyuma) iko huru, upepo unaisukuma tezi. Kayaki ya baharini huwa na pezi la kushusha kwa kamba: jaribu likiwa juu, nusu, na chini kabisa. Kama likiwa chini bado unapiga makafi matatu upande mmoja kwa moja upande wa pili, chombo hicho hakikufai, au kiti hakiko mahali pake. Sogeza kiti nyuma kama kinasogezeka, urudie, kwa sababu uzito ukihamia tezini, tezi nayo hushika maji.

Mwisho, pindua. Wengi huruka hatua hii kwa sababu hawataki kulowa, nasi tunasema usinunue chombo ambacho hujakipindua. Fanya kwenye maji ya kifuani, mtu akiwa karibu. Kayaki ya kukaa juu: ikiwa imepinduka, pitisha mkono juu ya tumbo, shika ukingo wa mbali, vuta mpaka igeuke. Sasa lala juu ya maji kando yake, piga miguu kama unaogelea mpaka mwili uelee, jivute tumbo lifike juu ya kiti, jizungushe ukae, ndipo uingize miguu. Wanaoshindwa huwa wanajaribu kupanda wima kama wanapanda ukuta, na chombo kinawaangukia. Rudia mara tatu. Ya tatu ndiyo inayohesabika, kwa sababu mikono imeshachoka.

Kayaki ya kuingia ndani ni shughuli nyingine. Ikipinduka hunywa maji mengi, na kama haina kuta za ndani mbele na nyuma zinazotenga hewa, huzama nusu na haipandiki. Gonga kifuniko cha stoo, kifungue, hakikisha ukuta upo na haujaachia gundi. Isiyo na kuta hizo isitoke hori.

Jambo dogo la kuangalia kwenye ya kukaa juu: matundu ya kutolea maji. Ukiwa umekaa, maji yakibaki yametuama chini ya makalio na hayashuki, umeizidishia uzito. Namba ya uzito aliyoandika mtengenezaji ni kikomo. Kwa raha, usipite theluthi mbili yake.

Padelibodi

Za kujaza upepo ndizo nyingi za kukodi, na kosa kubwa hutokea hata kabla ya maji: hazijazwi vya kutosha. Ubao wa kawaida wa mita 3.2 kwa sentimita 81, unene 15, unataka PSI (kipimo cha shinikizo la hewa) 15 hivi. Soma namba kwenye vali. Pampu ya mkono huwa ngumu ikifika 8, na hapo ndipo watu huachia. Ubao wa PSI 8 huzama katikati chini ya miguu yako kama kitanda cha kamba kilicholegea, omo na tezi zinainuka, unayumba, kisha unalaumu ubao. Kila ubao ujazwe PSI ileile kabla ya kulinganisha. Ukishajazwa usiuache mchangani juani. Hewa hutanuka, na mishono huachia. Uweke majini au chini ya mti, na kama lazima ukae juani, punguza PSI 2.

Kafi liwe refu kukuzidi kimo kwa sentimita 20 hadi 25. Bapa lake limepinda kidogo: pembe hiyo ielekee mbele. Karibu kila mgeni hulishika kinyume.

Nenda mpaka maji yafike magotini, maana pezi la chini lina zaidi ya sentimita 20, na likigusa mchanga ubao unasimama huku wewe unaendelea. Panda kwa magoti, mpini wa katikati ukiwa kati yao. Piga makafi machache, kisha simama mguu mmoja baada ya mwingine pale pale magoti yalipokuwa, macho mbali, si miguuni. Wahenga walisema kwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na juu ya ubao ndivyo ilivyo: sogea nyuma hatua moja uone tezi ikizama na ubao ukigeuka upesi, sogea mbele uone omo ikilima maji, kisha rudi kati.

Linganisha huo wa sentimita 81 na ule wa safari, mita 3.8 kwa 75. Mwembamba utakutetemesha vifundo vya miguu mwanzoni. Upime kwa mita 300 zile zile, kisha ujiulize kama kasi iliyoongezeka inalipa mtetemo. Kwa mwenye kilo 90 na zaidi, mara nyingi hailipi.

Ukianguka, anguka mbali na ubao, kifudifudi au chali, kamwe usitangulize miguu kwa nguvu kwenye maji usiyoyajua. Kamba ya mguuni ivaliwe daima kwenye maji tulivu, iwe ya kujikunja kama springi, isiyoburuta. Penye mkondo pamoja na kamba za mashua, au penye mizizi, kamba ya mguuni inaweza kukunasa chini ya maji. Hapo ifungie kwenye mkanda wa kiunoni wenye kifungo cha kuvutwa mara moja. Paje nako vigingi vya mashamba ya mwani hunasa vivyo hivyo, na ni mali ya watu: pita mbali.

Kabla ya kurudisha

Andika papo hapo, si nyumbani: muda wa kwenda, muda wa kurudi, makafi ya duara, na mara ulizofaulu kupanda. Halafu rudi kwenye chombo cha kwanza kwa dakika kumi. Ulikijaribu mwili ukiwa baridi na maji hujayazoea, hivyo kimeonewa. Si ajabu kikapanda nafasi mbili.

Kinachoshinda kikodi tena siku nyingine kwa nusu siku, na mzigo utakaobeba kweli: ndoo ya samaki, mtoto, hema. Mzigo uweke chini na karibu na kati, kisha urudie mita 300 zako.