Somo: namna ya kuendesha testi za msimbo usiouamini bila kuweka mashine yako rehani

Wakuu habari zenu. Hili somo ni la yeyote anayetumiwa repo (folda la msimbo wa mradi) na mtu asiyemjua akaambiwa ipakue, endesha testi, tuambie zimepita ngapi. Novemba 2023 watafiti wa Unit 42 ya Palo Alto Networks waliianika kampeni waliyoipa jina Contagious Interview, mtu anajifanya mwajiri, anakupa kazi ya usaili iko GitHub, ndani yake kuna kifurushi cha npm (ghala la vifurushi vya JavaScript) kinachokomba pasiwedi za brauza na waleti za kripto. Sisi tunaosaka tenda mtandaoni ndo walengwa wenyewe, nawaombeni msome mpaka mwisho.

La kwanza kulielewa ni kwamba hatari haisubiri testi ianze. Ukiandika npm install tu, skripti za postinstall zinajiendesha zenyewe kwa mamlaka yako yote. Kwenye Python hali ni ile ile, pytest (chombo cha kuendesha testi) inaisoma conftest.py kabla ya testi hata moja, na pip (chombo cha kuweka vifurushi) ikikutana na setup.py inaiendesha. Kwa iyo kila kitu kuanzia kupakua vifurushi kinafanyikia ndani ya sandiboksi, yani sehemu iliyotengwa na mashine yako. Hapa natumia Docker, programu inayowasha sehemu hizo zinazoitwa makontena, kwa sababu wengi mnayo.

Hatua ya 1. Fungua folda mpya tupu, git clone humo. Ukiifungua kwa VS Code na ikakuuliza kama unawaamini waandishi, kataa, maana repo inaweza kuwa na faili la tasks.json lililopangwa kujiendesha folda ikifunguliwa tu.

Hatua ya 2. Soma package.json, sehemu ya scripts, tafuta preinstall, postinstall na prepare. Ukiona mstari mrefu wa herufi zisizosomeka au kitu kinachovuta faili kutoka nje kwa curl, ishia hapo hapo.

Hatua ya 3. Shusha vifurushi ndani ya kontena, intaneti ipo ila skripti zimezimwa:

docker run --rm --user 1000:1000 -v "$PWD":/kazi -w /kazi node:22 npm ci --ignore-scripts

Hatua ya 4, na hapa ndo roho ya somo. Sasa unaendesha testi zenyewe na intaneti umeikata:

docker run --rm --network none --read-only --tmpfs /tmp -e HOME=/tmp --cap-drop ALL --security-opt no-new-privileges --pids-limit 200 --memory 1g --cpus 2 --user 1000:1000 -v "$PWD":/kazi:ro -w /kazi node:22 timeout -s KILL 120 npm test

Tuipitie taratibu. --network none ndo ngao kubwa kuliko zote, hata msimbo ukifanikiwa kuiba kitu hauna njia ya kukipeleka nje wala ya kuvuta virusi vingine. --read-only pamoja na ile :ro mwishoni mwa /kazi vinazuia kuandika kwenye diski, zinabaki sehemu za muda tu kama /tmp, ambazo zinafutika kontena likizimwa. --cap-drop ALL inaondoa mamlaka za ziada za Linux, na no-new-privileges inazuia programu kujipandisha cheo kwa njia ya sudo na ndugu zake. --pids-limit ni kwa ajili ya msimbo unaozalisha michakato bila kikomo mpaka mashine igande, --memory inafanya kazi hiyo hiyo upande wa RAM. Timeout nimeiweka ndani ya kontena makusudi, dakika mbili zikiisha inaua testi na kontena lote linafungwa.

Kama kuna kifurushi lazima kijengwe, mfano vile vya C++, endesha npm rebuild badala ya npm test kwa amri hiyo hiyo ya hatua ya 4 ukiwa umeondoa :ro na kuongeza -e npm_config_nodedir=/usr/local ili mafaili ya kujengea ya Node yachukuliwe humo humo ndani, intaneti ibaki imekatwa.

Vitu ambavyo usiviingize kwenye kontena kabisa: folda yako ya home, ~/.ssh (zinapokaa funguo zako za SSH za kuingilia seva), funguo za API, --privileged, na /var/run/docker.sock (faili la kuipa Docker amri). Hiyo ya mwisho watu wanaichukulia poa ila aliyeishika anaweza kuagiza Docker iwashe kontena jingine lenye diski yako nzima, yani ameshakuwa root, mwenye mamlaka yote ya mashine.

Alafu msidharau folda ya testi. Mlango wa siri wa xz (programu ya kubana mafaili kwenye Linux) matoleo 5.6.0 na 5.6.1, mwaka 2024, ulifichwa kwenye mafaili yaliyowekwa kama sampuli za testi, na mhandisi Andres Freund aliugundua kwa kuona kuingia kwa SSH kunachelewa kama nusu sekunde hivi. Kwa macho mafaili yale yalionekana sampuli za kawaida tu.

MASWALI

Swali: Mkuu mimi natumia venv ya Python siku zote, haitoshi?
Jibu: Haitoshi ndugu yangu. Venv inatenganisha vifurushi tu, programu bado inaendeshwa kwa jina lako na inaona mafaili yako yote. Tumia kontena, na wakati wa kushusha weka pip install --only-binary :all: ili setup.py isipate nafasi.

Swali: Testi zangu zinahitaji Postgres, nikikata intaneti zinafeli zote
Jibu: Tengeneza mtandao wa ndani, docker network create --internal ndani (hilo ndani la mwisho ni jina la mtandao), washa Postgres humo, kisha badala ya --network none weka --network ndani. Makontena yataonana yenyewe kwa yenyewe ila nje hayatoki. Pasiwedi ya hiyo databesi iwe ya kubuni, isifanane na ya kwako yoyote.

Swali: Niko Windows na WSL, si tayari ni sandiboksi?
Jibu: Hapana dada, WSL ni Linux iliyo ndani ya Windows yako, inaiona diski yako ya C kupitia /mnt/c na inaweza kufungua programu za .exe. Weka Docker juu yake.

Swali: Kwa iyo kontena ni salama asilimia mia?
Jibu: Hapana, kontena linatumia keneli (kiini cha mfumo) moja na mashine yako. CVE-2019-5736 na CVE-2024-21626 zote zilikuwa matundu ya runc, programu ambayo Docker inaitumia kuwashia makontena, yaliyoruhusu kutoroka nje, kwa iyo Docker isasishwe kila mara. Msimbo ukiwa na kila dalili ya kuwa mbaya tumia VirtualBox (inayowasha kompyuta nzima ya kuigiza) bila folda za pamoja, au gVisor ya Google inayoweka ukuta kati ya kontena na keneli yako, ambayo ukishaisajili kwenye Docker unaongeza tu --runtime=runsc.

Swali: Nimechelewa, jana niliendesha repo ya hivyo moja kwa moja kwenye laptopu. Nifanyeje?
Jibu: Pole sana. Kata intaneti ya hiyo laptopu sasa hivi. Chukua kifaa kingine, badilisha pasiwedi ukianza na imeili, futa tokeni na funguo za SSH kule GitHub, toka kwenye akaunti zote zilizo wazi kwa sababu vidakuzi vya brauza navyo vinaibwa. Kama ulikuwa na waleti hamishia hela kwenye waleti mpya yenye maneno mapya ya siri. Ukimaliza ndo ufomati laptopu na uweke mfumo upya, na ukirudisha bakapu rudisha picha na nyaraka zako tu, ile repo na node_modules viache.