Jinsi ya Kukuza Msamiati wa Kiingereza kwa Kufuata Maana na Matumizi ya Maneno

Mwanafunzi anayeingia kidato cha kwanza nchini Tanzania, baada ya kusoma shule ya msingi kwa Kiswahili, hukutana ghafla na vitabu vya Jiografia na Biolojia vilivyoandikwa kwa Kiingereza, na mara nyingi msaada anaopewa ni orodha ndefu yenye maneno upande mmoja na tafsiri zake upande wa pili. Orodha hiyo yaweza kumvusha katika jaribio la wiki, lakini haimwezeshi kuandika insha, kwa kuwa tafsiri ni sehemu ndogo tu ya kulijua neno. Zilizobaki ni mipaka ya maana yake, maneno linaloandamana nayo, na umbo linalochukua ndani ya sentensi.

Kwanza, chagua maneno ya kujifunza. Mwaka 1953 Michael West, mwalimu na mtafiti wa ufundishaji wa Kiingereza, alitoa orodha ya maneno ya msingi yapatayo 2,000 yanayotumika mara nyingi zaidi katika Kiingereza, na mwaka 2000 mwanaisimu Averil Coxhead akatoa orodha ya familia 570 za maneno (familia ni neno pamoja na maumbo yanayotokana nalo) yanayojirudia katika maandishi ya kitaaluma, yakiwemo "analyse", "factor" na "require". Kwa mwanafunzi wa sekondari, orodha hizi mbili zina faida kubwa kuliko maneno ya fahari ambayo huenda asikutane nayo tena mwaka mzima. Majina ya kitaalamu, kama "photosynthesis", ambalo kwa Kiswahili ni usanisinuru, hayahitaji kazi kubwa, kwa sababu maana yake ni moja na haiyumbi. Kazi iko kwenye maneno ya kawaida.

Hapo ndipo Kiswahili chetu kinapaswa kutumiwa kwa uangalifu. Kitenzi "kusikia" kinabeba sauti, baridi, njaa na hata harufu, ilhali Kiingereza kinagawa kazi hiyo kwa "hear", "feel" na "smell". "Kuazima" huweza kuwa kuchukua au kutoa, lakini anayechukua ndiye mwenye "borrow" na anayetoa ndiye mwenye "lend". Mfano unaostahili kutazamwa kwa makini zaidi ni kitenzi "kuvaa". Watu wengi wa Afrika Mashariki husema "she is putting on a red dress" wakimaanisha kwamba amevaa gauni jekundu, ingawa Kiswahili chenyewe kinatofautisha vizuri sana "anavaa" na "amevaa". Anayeendelea kuingiza mikono katika shati ndiye "is putting on", na ambaye nguo iko mwilini tayari ni "is wearing". Hali kadhalika, "amelala" ni "he is sleeping", wala si "he has slept". Kwa hiyo kila unapopata neno jipya, jiulize ni maneno gani mengine ya Kiingereza yangeweza kutafsiriwa vilevile kwa Kiswahili, kisha utafute katika kamusi kinachoyatenganisha.

Baada ya maana, tazama uandamani, yaani maneno ambayo neno limezoea kwenda nayo. Sisi hupiga simu, hupiga pasi, hupiga picha na hupiga mswaki, na hakuna anayetudai sababu ya kutumia kitenzi hicho. Ndivyo wasemaji wa lugha walivyozoea. Kiingereza nacho kina mazoea yake: mvua kubwa ni "heavy rain", chai yenye majani mengi ni "strong tea", kosa "hufanywa" kwa "make" na kazi ya nyumbani kwa "do". Kuyajadili mazoea haya kwa mantiki ni kupoteza muda. Yaandike na uyakariri kama kifungu kizima. Ongeza pia sarufi inayolihusu neno: "discuss" haifuatwi na "about", "reach" haihitaji kihusishi ingawa "arrive" hutaka "at" au "in", na "information", "advice" na "furniture" hayana wingi. Kamusi nzuri za wanaojifunza Kiingereza huonyesha mambo haya kwa alama, ambapo C ni nomino inayohesabika na U ni isiyohesabika, na hutoa sentensi za mfano. Nashauri usome sentensi hizo kabla ya fasili, kwa sababu ndizo zinazoonyesha neno likifanya kazi.

Msemaji wa Kiswahili ana nguvu moja anayoisahau, nayo ni mazoea ya kunyambua maneno. Anayetambua kwamba mpishi, mapishi, pikia na pikika yanatoka penye "pika" hatashindwa kuona kwamba "import", "export", "transport" na "portable" yana mzizi wenye maana ya kubeba. Hata hivyo, usikisie kwa viambishi pekee, kwani "invaluable" ni kitu chenye thamani kubwa mno, kinyume kabisa na inavyodhaniwa.

Zingatia vilevile mahali neno linapofaa. Baada ya Wanormani, watu waliotoka kaskazini mwa Ufaransa, kuiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kilikuwa lugha ya watawala, na athari yake, pamoja na ya Kilatini, imeacha jozi nyingi kama "begin" na "commence" au "buy" na "purchase". La kwanza katika kila jozi hufaa karibu popote; la pili ni la barua rasmi na mikataba.

Katika daftari, kila neno lipewe nusu ukurasa: sentensi uliyolikuta ndani yake, aina yake, vifungu viwili au vitatu vya uandamani, silabi inayotiwa mkazo, na sentensi yako mwenyewe kuhusu jambo la kweli maishani mwako. Maneno matano kwa siku yaliyoshughulikiwa hivi yanatosha. Tangu mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alipochapisha utafiti wake wa kumbukumbu mwaka 1885, imejulikana kwamba marudio yaliyotawanywa hushinda kukariri kwa mkupuo. Hivyo rudia kesho yake, kisha baada ya siku tatu, wiki na mwezi. Unaporudia, funika ukurasa na ujaribu kuitunga sentensi kabla ya kutazama, na neno likikushinda lirudishe kwenye marudio ya kesho. Mwalimu akisahihisha neno katika insha yako, liingize daftarini siku hiyohiyo pamoja na sentensi iliyosahihishwa.